Moto wa Ludivine Ndani ya Ghala la Viazi

Ludivine Daigle alianguka mwezi wa Machi, wakati ambao huku kwetu theluji inayeyuka mchana na kuganda tena usiku, na uwanja wote unakuwa kama kioo kilichopakwa mafuta. Alikuwa anatoka kulisha boila. Wakati huo boila lake lilisimama peke yake uwanjani, kama yalivyo mengi ya bonde hili: kibanda cha bati chenye ukubwa wa choo cha shambani, tumboni moto wa kuni, kuuzunguka moto maji, na chini ya ardhi mabomba yanayopeleka yale maji ya moto nyumbani na kuyarudisha yakiwa yamepoa. Nyumba inapata joto bila moshi wala majivu. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba lazima atoke kulilisha asubuhi na jioni, hata upepo wa mtoni uwe unakata masikio.

Alivunjika nyonga. Aliyemkuta ni shemeji yake, Rosaire, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye alipita kwa bahati tu kurudisha sufuria. Alimkuta amelala chali, kofia imemtoka, anamtukana paka aliyekaa dirishani akimwangalia.

"Unafanya nini huko chini, shemeji?" Rosaire aliuliza, maana watu wa ukoo huo hawajui kushtuka bila kutania.

"Natazama mawingu. Niinue, mjinga wewe."

Alikaa hospitali, kisha akakaa nyumbani na fimbo. Miti ilipoanza kuchipua, binti yake wa pekee, Carmelle, alipanda kutoka kwake Connecticut, mwendo wa siku nzima kusini mwetu, kuja kuzungumza naye. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nyumba yangu inatazamana na yao na nilikuwa nimepeleka mkate. Nilitaka kuondoka, Ludivine akanishika mkono nikae. Nadhani alitaka shahidi.

Carmelle alikuwa ameshamtayarishia mama yake chumba cha chini, chenye dirisha la bustani. Alikieleza vizuri, hata rangi ya mapazia. Ludivine alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni chumba kizuri na kwamba haendi. Aliolewa akaingia nyumba hii. Msitu wa nyuma ni wao. Na kando ya uzio ulikuwa bado umesimama mrundo wa kuni ambazo Lucien, mumewe, alizipasua na kuzipanga vuli yake ya mwisho. Alikuwa hajazigusa. Alikuwa anaungoja wakati wake wa kuzichoma, na wakati huo haukuwa Connecticut.

"Mama, mimi sikufukuzi kwako," Carmelle alisema. "Lakini sitaki siku moja nipigiwe simu niambiwe umekutwa umeganda kama samaki wa dukani."

"Samaki wa dukani angalau wamelazwa vizuri."

"Mama!"

"Haya. Sema unachotaka."

"Krismasi nakuja. Nikikuta bado unapita juu ya barafu kwenda kulisha lile dubwana, tunafunga mizigo tunaondoka wote. Bila ugomvi."

"Na kama sipiti juu ya barafu?"

"Kama nyumba ina joto na hupiti juu ya barafu, sitalisema tena neno hili. Naapa mbele ya jirani."

Walipeana mikono juu ya meza kama watu wanaouziana farasi.

Nyuma tu ya jiko la Ludivine kuna ghala la viazi la baba mkwe wake, lililozikwa nusu ndani ya kilima kama yanavyozikwa yote: chini zege, juu mbao, na mlango mkubwa upande wa bondeni wa kupitisha mapipa. Tangu Lucien aache kulima, mlikuwa na mapipa matupu na panya. Wiki moja baada ya Carmelle kuondoka, Ludivine alimwita Rosaire, akamsimamisha mbele ya ghala na kulinyooshea fimbo.

"Boila linaingia humu," alisema. "Na kutoka mlango wa jiko mpaka humu unanijengea njia yenye ukuta na paa. Nataka kulisha moto nikiwa nimevaa ndara."

"Boila la nje linaitwa la nje kwa nini, shemeji? Utaunguza ghala la baba."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Ningetaka kuliunguza ningemwita mtu anayejua kuwasha moto."

Rosaire alicheka, na kwa kucheka akawa amekubali. Alikuwa fundi wa bati kabla ya kustaafu, na tangu mkewe afariki mikono yake ilikuwa haina kazi isipokuwa kukaza na kulegeza vitu ambavyo havikuharibika.

Hawakufanya ovyo. Walimwita mkuu wa zimamoto wa mji, akaja akapima kwa macho na kwa futi. Alisema sakafu iwe ya zege tupu. Boila likae mbali na mbao pande zote, na ukuta ulio karibu uvishwe bati lenye nafasi nyuma yake. Dohani iwe ya kuta mbili, ipite kwenye paa bila kugusa mbao, iende juu kuliko kilele cha paa. Juu ya mdomo wa boila iwekwe kofia ya bati ya kukamata moshi unaotoka mlango ukifunguliwa. Kuni zisipangwe humo, ziletwe za siku hiyo tu. King'ora cha hewa ya sumu kiwekwe ghalani na kingine nyumbani.

"Na hewa," alimalizia. "Moto unataka hewa."

Sote watatu tuliitikia kwa kichwa. Ghala ni kubwa kama kanisa dogo. Hewa imejaa tele, nani asiyeona?

Kiangazi chote kilikwenda hapo. Trekta la Rosaire liliburuta boila kwa minyororo huku Ludivine akitembea pembeni na fimbo yake, akilisemesha kama ng'ombe anayeingizwa zizini. Mabomba yalifukuliwa na kulazwa upya. Dohani ilipanda, ikang'aa juu ya paa, na watu wakitoka misa ya Jumamosi jioni walipunguza mwendo wa magari kuitazama. Yalipofika mavuno kazi ilisimama, kwa sababu mavuno yakifika huku hata shule zinafungwa na kila mwenye miguu yuko shambani. Yalipokwisha, Rosaire akamalizia ile njia ya paa. Siku za mwanzo moto uliwaka vizuri ajabu. Ludivine alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai mkononi, anatupa magogo, anarudi, chai haijapoa.

Kisha baridi ya kweli ikaingia, na sisi tukafanya kile ambacho watu wa bonde hili hufanya baridi ikiingia. Tuliziba.

Mtu asiyekulia kwenye viazi hawezi kuelewa hili vizuri. Kiazi kikipigwa na baridi kinageuka maji, na jasho la mwaka linanuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtoto wa hapa anafundishwa kuziba kabla hajafundishwa kusali. Ukiingia ghalani ukaona uzi wa mwanga unapenya ukutani, mkono wako wenyewe unatafuta gunia. Tuliziba lile ghala kama walivyoziba wazee: vumbi la mbao kati ya mbao, magunia kwenye pembe, mablanketi ya zamani kwenye mlango mkubwa, na nje, kuzunguka ukuta wote, matawi ya misonobari yaliyorundikwa mpaka kiunoni. Rosaire alizunguka na mshumaa akitafuta mahali ambapo mwali unayumba. Haukuyumba popote. Tulijisifu. Ludivine alisema Lucien angekuwapo angeona wivu.

Wiki hiyo hiyo alianza kuchoma kuni za Lucien.

Moto ukaanza kununa. Magogo yaliingia makavu yakatoka meusi, yameungua ngozi tu. Maji yaliyofika nyumbani yalikuwa vuguvugu, kisha hata vuguvugu likawa la kubembeleza. Ukifungua mlango wa boila, moshi ulimwagika kupita ile kofia ya bati na kujaa mpaka darini. King'ora kilipiga kelele. Kila kilipolia tulitoka, tukafungua mlango wa upande wa jikoni mpaka kikanyamaza, na mara tu kikinyamaza tukafunga haraka, maana baridi ilikuwa inaingia.

"Ni kuni," Rosaire alisema siku moja, akipangusa macho. "Zimekaa mno. Kuni zikikaa mno zinakufa."

Ludivine aligeuka polepole. "Kuni za nani?"

"Shemeji, mimi nasema kuni tu."

"Kuni za kaka yako. Alizozipasua akiwa hawezi kumaliza sahani ya chakula. Unasema zimekufa?"

"Nasema haziwaki! Macho unayo."

"Ninayo, na yanaona dohani ya bati inayong'aa kama kengele ya kanisa, na moshi haupiti. Kabla ya dohani yako moto ulikuwa unawaka."

"Dohani yangu haina kosa hata la msumari mmoja."

"Basi na kuni za mume wangu hazina."

Rosaire alikusanya vyombo vyake. Aliifungua dohani kesho yake, akaifagia yote na kuirudisha, kisha hakuja tena. Wakawa wanakaa kanisani benchi mbili tofauti. Kwa watu ambao wote wawili wamebaki peke yao, na jioni zao nyingi walikuwa wanazimalizia kwenye meza moja wakicheza karata, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko moto.

Desemba ikaingia. Ludivine alivaa koti ndani ya nyumba. Alihamishia kitanda jikoni, karibu na jiko la kupikia. Sikuwa na la kumsaidia isipokuwa kumletea supu na kubeba kuni, na kila nilipofungua mlango wa boila nilijuta.

Asubuhi moja nilimkuta mezani anafunga sahani kwenye magazeti. Alizifunga vizuri, moja moja, kama mtu anayefunga zawadi.

"Carmelle hakukosea," aliniambia bila kuinua macho. "Chumba kina mapazia ya kijani. Kijani nakipenda."

"Krismasi bado, Ludivine."

"Nataka akija akute nimefunga mwenyewe. Sitaki kufungiwa mizigo kama mtoto." Alishika sahani nyingine. "Nisaidie kitu kimoja. Nataka pipa. Sahani zangu haziendi kwenye makatoni, zitakwenda kwenye pipa la viazi, kama alivyozileta mama yangu."

Mapipa yalikuwa ghalani, nyuma, na pipa la viazi halipiti ule mlango wa upande wa jikoni. Lazima litoke kwa mlango mkubwa. Tulishuka kwa ile njia ya paa, yeye na ndara zake. Boila lilikuwa linafuka kivivu pale lilipo. Niliondoa yale mablanketi, nikapiga teke barafu iliyoshika kizingiti, nikausukuma mlango mkubwa mpaka ukafunguka wote, na baridi ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Nikalaza pipa, nikaanza kuliviringisha. Lilikwama kizingitini.

"Sukuma," Ludivine alisema.

"Nasukuma."

"Unasukuma kama mtu aliyelipwa na pipa."

Nilikuwa nataka kumjibu, ndipo nyuma yetu kitu kilivuta pumzi. Sina neno lingine. Kilivuta pumzi ndefu, kikakohoa, kikaanza kunguruma. Tuligeuka. Kwenye kile kitundu kidogo cha mlango wa boila, ambacho kwa wiki kadhaa kilikuwa cheusi, palikuwa pekundu, kisha pakawa na rangi ya chungwa.

Ludivine aliinua mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nasema kitu.

"Funga mlango," alisema.

Nilivuta pipa ndani, nikafunga. Tulingoja. Ngurumo ilishuka, ikawa mnong'ono, ikafa. Pekundu pakaingiwa na giza.

"Fungua."

Nilifungua. Ukavuta pumzi tena.

Tulifanya hivyo mara kadhaa, kama watoto waliopewa tochi. Mwishowe aliketi juu ya pipa, fimbo magotini, na machozi yakamtoka, lakini alikuwa anacheka.

"Tumelinyonga," alisema. "Ee Mama Maria, tumelinyonga kwa mikono yetu. Yule mtu alisema hewa, tukaitikia kwa vichwa kama kondoo."

Alipanda nyumbani haraka kuliko fimbo ilivyotaka, akachukua simu. Nilisikia upande wake wote, na upande wa Rosaire pia, maana Rosaire akiongea na simu huwa anadhani lazima asikike kwa nguvu zake mwenyewe.

"Shemeji, njoo."

"Nije niambiwe dohani yangu ni mbovu?"

"Dohani yako ni nzuri."

"Unaumwa?"

"Na kuni za Lucien ni nzuri. Wabovu ni sisi. Njoo na kitu cha kutoboa zege."

Alifika kabla sijamaliza kuweka maji ya chai. Ludivine alimwonyesha: mlango wazi, mlango umefungwa. Rosaire alivua kofia, akajikuna kichwa, akalitazama boila, akaitazama dohani, akayatazama magunia yetu kwenye kila pembe.

"Nilizunguka humu na mshumaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulizunguka. Na tulikupigia makofi."

Walitoboa chini ya ukuta, upande usiopigwa na upepo, mahali pa kupita bomba nene la bati linaloleta hewa ya nje mpaka karibu na miguu ya boila, na wavu wa kuzuia panya. Tuliondoa pia matawi ya misonobari upande huo. Zege lilipotoboka na mwanga wa theluji ukaingia, Ludivine alifunga macho.

"Maisha yangu yote naziba," alisema. "Baba mkwe angeniona leo angenirudisha kwetu."

"Angekurudisha zamani," Rosaire alimjibu kutoka chini, usoni vumbi tupu, "ila kwenu walikataa kukupokea."

Tundu hilo lilimsumbua siku kadhaa. Nilimkuta mara mbili amesimama mbele yake na gunia mkononi, anasitasita, kisha anaondoka. Lakini moto uliwaka. Kuni za Lucien ziliwaka kwa mwali safi usio na moshi, na asubuhi kilichobaki kilikuwa majivu laini kama unga. King'ora kilinyamaza kikabaki kimenyamaza. Mkuu wa zimamoto alirudi, akachuchumaa mbele ya tundu, akaweka kiganja akaisikia hewa, akasema sasa ndiyo. Ludivine alirudisha kitanda chumbani. Sahani zilitoka kwenye magazeti zikarudi kabatini, na Rosaire akarudi kwenye karata.

Carmelle alifika siku mbili kabla ya Krismasi, theluji inaanguka kwa uzito. Nilikuwa pale nasaidia kukunja pai za nyama. Aliingia na masanduku mawili, moja jepesi sana. Aliliweka karibu na mlango bila kulieleza, na sote tukajua ni la nani.

Kwanza alivua glavu akaweka mkono ukutani. Kisha akainama akaviangalia viatu vya theluji vya mama yake pale mlangoni. Vilikuwa vikavu, na paka amelala juu yake.

"Mama yuko wapi?"

"Analisha moto," nilisema, nikamwonyesha mlango mpya.

Nilimfuata, sikuweza kujizuia. Alipita ile njia ya paa polepole, akigusa mbao, akakanyagakanyaga sakafu kuona kama inateleza. Ghalani alimkuta mama yake ameketi juu ya pipa, ndara miguuni, anazungumza na Rosaire kuhusu mtu fulani aliyemuoa mtu fulani. Walisimama wakakumbatiana. Carmelle aliangalia bati la ukutani, dohani, king'ora. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kosa na hataki kulipata.

Ndipo akaisikia baridi kwenye vifundo vya miguu. Alitazama chini, akaona tundu.

Mtoto huyu ameishi Connecticut miaka mingi. Ana ofisi, ana gari linalojiwasha lenyewe. Lakini hakufikiri hata kidogo. Alinyakua gunia lililoning'inia kwenye msumari, akapiga magoti na koti lake zuri, akaanza kulisokomeza ndani ya bomba.

"Acha!" Ludivine na Rosaire walipiga kelele kwa pamoja.

Carmelle aliruka. "Kuna tundu! Baridi inaingia!"

"Ndiyo kazi yake!"

"Mama, hili ni ghala la viazi!"

"Unaona viazi?"

Alitazama huku na huku, gunia mkononi, amepiga magoti kwenye zege. Rosaire alianza kutikisika mabega. Boila, ambalo lilikuwa limepungua kwa ile dakika ya gunia, likavuta pumzi likaanza tena kunguruma. Carmelle alilisikiliza. Akalitazama gunia. Akaelewa, na kicheko kilichomtoka kilikuwa cha baba yake kabisa.

"Hata nyinyi?" aliuliza.

"Sisi tuliziba ghala zima," Ludivine alisema. "Kuna mtu hapa alizunguka na mshumaa."

"Shemeji, tulisema hilo tutazikwa nalo."

Jioni tulikula ploye za moto, vile vichapati vyetu laini, na mchuzi wa kuku, madirisha yakatoka jasho kwa joto. Neno lile la kuhama Carmelle hakulisema, wala mama yake hakumkumbusha. Baada ya chakula ilikuwa saa ya kulisha boila, na Ludivine alipoinuka Carmelle akamwomba akae.

"Ndara zako ziko wapi?" aliuliza.

"Miguuni."

"Niazime."

Alizivaa akaenda. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe inavyotaka. Aliporudi alikuwa na harufu ya moshi kidogo nyweleni, na majivu kwenye sketi yake ya ofisi.

Alipoondoka baada ya mwaka mpya, lile sanduku jepesi nililibeba mimi mpaka garini, na lilikuwa zito. Ludivine alikuwa amelijaza unga wa ploye, viazi na pai mbili zilizogandishwa. Theluji ilikuwa imekoma, na alfajiri ilikuwa bado na nyota. Yeye alibaki dirishani na paka, akipunga mkono, na juu ya paa la ghala dohani ya Rosaire ilikuwa haitoi moshi wowote wa kuonekana, joto tu, linalofanya nyota za nyuma yake zitetemeke.